Mara Mbili kwa Chaki

Kuna sentensi moja ambayo hata leo nikiikumbuka mishipa ya shingo inanisimama. Niliitunga mwenyewe kwa ajili ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, nikiwa nimekaa mezani kwangu Kaloleni, mjini Kisumu, na kikombe cha chai ya rangi: Mwanamke aliyenunua mbuta sokoni amesahau kikapu chake kwa muuzaji. Swali lilikuwa jepesi. Pigia mstari kikundi tenzi. Yaani mwache huyo mwanamke na samaki wake upande mmoja, uniambie amefanya nini. Amesahau kikapu chake kwa muuzaji. Basi. Mtoto wa darasa la sita, ukimuuliza njiani yule mama amefanya nini, atakwambia amesahau kikapu. Hatakwambia "aliyenunua".

Wanafunzi wangu hamsini na wanane walipiga mstari chini ya "aliyenunua". Si wote, nisitie chumvi. Watatu walipiga chini ya "mbuta", labda kwa njaa. Wawili waliruka swali. Mmoja alipiga mstari chini ya sentensi nzima kutoka mwanzo hadi nukta, na huyo nadhani alikuwa akijilinda tu. Niliyapata majibu hayo karatasi baada ya karatasi, kalamu nyekundu mkononi, mpaka nikaanza kuwatukana kwa sauti nikiwa peke yangu nyumbani. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Lazima niseme nilivyofika hapo, maana sikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilisomea historia. Lakini baba yangu alikuwa karani wa reli, na kabla ya kurudi kwetu Kisumu nilikuwa nimekulia Voi na Mombasa, kwenye nyumba za reli ambako watoto wa kila kabila walicheza kwa Kiswahili. Serikali ilipobadilisha mfumo wa masomo na kukifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika mtihani, shule zetu za kando ya ziwa zilipatwa na kiwewe. Nyumbani watu walizungumza Dholuo, shuleni Kiingereza, na Kiswahili kilikuwa cha kuulizia bei ya sukari kwa Mhindi. Walimu wa kukifundisha hawakuwepo. Mwalimu mkuu wetu, mtu wa hesabu, mkavu, asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, wewe unaongea kama redio. Chukua Kiswahili, Form One mpaka Four."

Hakuniuliza kama najua kikundi tenzi ni nini. Sikujua. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha haendi akiipasua vipande kama kuku wa sikukuu. Nilinunua kitabu cha sarufi, nikawa nasoma nikiwatangulia wanafunzi wangu kwa ukurasa mmoja, na ilinichukua muhula mzima kuacha kuogopa maswali yao. Wala hawakuuliza mengi. Walikuwa watoto wa heshima, waliosema "kitabu yangu" na "gari yenye ilianguka", na kila nikisahihisha walitikisa vichwa kwa unyenyekevu kisha wakasema tena "kitabu yangu".

Shule ilikuwa ya kutwa, ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, upande wa Mamboleo, wavulana kwa wasichana. Madarasa yalikuwa ya mawe, na juu mabati matupu bila dari. Anayejua Kisumu anajua mvua yetu. Asubuhi jua linakaanga, ukifika alasiri wingu linapanda kutoka ziwani, na dakika kumi baadaye mabati yanapigwa mpaka hujisikii hata ukipiga kelele. Kiswahili kwenye ratiba yangu kilikuwa baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo miezi ya mvua nilifundisha kama bubu. Niliandika sentensi ubaoni, nikaonyesha kwa mkono. Nikifika mahali kikundi tenzi kinapoanzia, niligonga ubao kwa chaki mara mbili, ta-ta, halafu nikaburuta chaki chini ya maneno mpaka mwisho. Darasa zima likaitikia kwa midomo nisiyoisikia.

Mvua ilipokwisha, mkono uliendelea. Sikujua kwamba umeendelea. Na juu ya mkono kulikuwa na ile desturi yetu sisi walimu wa nchi hii, ambayo sijui nani aliianzisha, ya kuanza neno na kuliachia darasa limalizie. "Hiki ni kikundi te..." nami nikisema hivyo, sauti hamsini na nane zinajibu, "...nzi." Inapendeza kuisikia. Inampa mwalimu raha ya kudhani kuna kitu kinaingia vichwani. Mtu akipita nje anasema, huyu mwalimu anafundisha.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha lililokosa kioo, alikaa mwanafunzi mmoja ambaye hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amevaa sweta la shule kama wenzake, na wenzake walimwita Mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mitaani. Aliacha shule Kidato cha Pili kwa sababu ya mimba, akakaa Port Victoria miaka mingi akiuza samaki pamoja na mama yake, kisha siku moja akaamua kurudi. Alikuwa akikaa kwa dada yake Kaloleni, safu ya tatu kutoka nyumba yangu, na jioni mara nyingine tulitembea pamoja mwendo wa saa nzima kurudi nyumbani. Siku ya kwanza kabisa alinieleza shida yake yote. Alitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chuo cha ualimu hakikumwita mtu aliyeanguka Kiswahili. Mama yake alikuwa amekubali kumshikia mtoto mpaka mtihani wa mwisho, akasema baada ya hapo yeye si yaya.

Kwa hiyo nilimwangalia kuliko wengine. Na darasani alikuwa hodari. Nikiandika sentensi, mkono wake ndio wa kwanza kuinuka, na jibu lake lilikuwa sahihi. Kwenye karatasi alikuwa akianguka. Nilidhani ni woga. Tulipokuwa tukipita pale kwenye vibanda vya kukaanga samaki nilimgombeza, "Mtu mzima unaogopa karatasi? Karatasi itakuuma?" Yeye alitembea tu, mkoba begani.

Kwenye mtihani ule wa majaribio, yeye naye alipiga mstari chini ya "aliyenunua".

Niliingia darasani Jumatatu na rundo la karatasi kama mtu anayekwenda kushtaki. Niliwapa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikawapeleka kufyeka nyasi za uwanja mpaka saa sita, wote, pamoja na yule aliyejilinda. Baada ya chakula nikawarudisha ndani, nikaandika sentensi ileile ubaoni, neno kwa neno, nikasema, "Haya. Kikundi tenzi kiko wapi?"

"Amesahau kikapu chake kwa muuzaji," darasa lilijibu kwa sauti moja.

Nikaandika nyingine ya mtihani uleule. Wakajibu sahihi. Nikaandika ya tatu, ile iliyowashinda kabisa, na jibu likaja kabla sijaweka nukta. Nilisimama pale na chaki yangu nikiwatazama, na hasira ikanipanda upya, mara hii ya aina nyingine. Kumbe wanajua. Kumbe kwenye karatasi wananifanyia mzaha. Nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili ya watu wanaojua.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia darasa langu limenigomea, kwamba kwa mdomo wanajua kila kitu lakini karatasi wanaijaza upuuzi makusudi, na kwamba kama haamini aje aone. Aliweka kalamu chini. "Haya, twende," akasema.

Nilitaka kuwauliza mwenyewe mbele yake. Lakini yeye, labda kwa mazoea, alichukua chaki mezani na kuniambia nikae. Hakukuwa na kiti mbele. Nikaenda kusimama nyuma ya darasa, karibu na ramani ya Afrika iliyoliwa na mende. Mwalimu mkuu alifuta ubao, akaandika sentensi kwa mwandiko wake wa hesabu, kila herufi peke yake: Wavuvi waliotoka Dunga asubuhi wamerudi bila samaki. Akaweka chaki mfukoni, akafunga mikono nyuma, akasema, "Kikundi tenzi."

Kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile ndani ya darasa la watu hamsini na wanane. Nilisikia kuku wa jirani. Nikasikia lori likibadilisha gia kule barabarani. Halafu, polepole, bila mtu kuamrishwa, vichwa vyote hamsini na vinane viligeuka nyuma kunitazama mimi.

Hawakuwa wakiomba msaada. Hilo ndilo lililonichanganya. Walikuwa wakingoja, kwa utulivu kabisa, kama watu walio kituoni na wanajua basi litakuja. Walinitazama mikono. Nami, Mungu anisamehe, niliona kidole changu cha shahada kikifuata maneno ya ubaoni pajani mwangu, na kwenye "wamerudi" kikagonga mara mbili.

"Wamerudi bila samaki," darasa likasema, na vichwa vikarudi mbele.

Mwalimu mkuu alinitazama juu ya vichwa vyao. Hakucheka, afadhali angecheka. Alipangusa vumbi la chaki mikononi, akaja hadi nyuma niliposimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umefundisha. Wanakujua wewe vizuri sana." Kisha akaenda zake kwenye kazi zake.

Nilifunga mlango. Nikawauliza kuna nini. Walitazama madawati. Nikauliza mara ya pili, kwa ukali. Basi Mathe akasimama pale nyuma, akavuta sweta lake chini.

"Madam, usikasirike," alisema. "Wewe ukifika pale jibu iko, unagonga ubao mara mbili. Halafu unavuta chaki mpaka pale inaisha. Sisi tunangoja hiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Form Three. Tangu ile mvua."

"Na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniambia?"

"Tulidhani ndio kusoma," alisema. "Tulidhani ndio vile inafundishwanga."

Mvulana mmoja wa mbele, mpole, mtoto wa mhubiri, aliinua mkono. "Hata kwa hiyo mtihani ya mock tulikuwa tunasikiliza, Madam. Lakini hakuna mtu aligonga."

Nilitamani kulia na kucheka, nikaishia kuwaambia wafungue vitabu vya fasihi. Sikuwa na uso wa kusema lolote zaidi siku ile. Jioni nilirudi nyumbani kwa njia nyingine, ya Kibuye, ili nisitembee na mtu.

Hapo ndipo kisa hiki kingekuwa kizuri kama ningekuwa mwalimu mzuri. Ningesema nilijirekebisha, nikaanza upya, wakaelewa. Na kweli nilianza. Nilifundisha mikono ikiwa ndani ya mifuko ya sweta. Wakaanza kunitazama macho. Nikafundisha nikiwapa mgongo, nikisoma sentensi kwa sauti moja kama mtu anayesoma orodha ya waliofariki. Wakagundua kwamba kabla ya jibu navuta pumzi. Sikuamini mpaka siku nilipobana pumzi na darasa likapotea lote. Walikuwa na akili nyingi mno watoto wale. Kila mahali nilipojificha walinipata, na akili hiyo yote waliitumia kwangu, hawakuitumia hata kidogo kwa mwanamke na kikapu chake.

Nikawapa sentensi za kuandika, kumi kila siku, kila mtu peke yake na midomo imefungwa. Hiyo ndiyo dawa, niliiona ikianza kufanya kazi. Baada ya majuma mawili kama nusu yao walianza kuruka mtego wa neno la kwanza na kutafuta jambo lenyewe. Mathe alikuwa miongoni mwao, lakini kwa shida. Alisoma sentensi akisogeza midomo, akafuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa wa mwisho kukusanya kila siku, na mara nyingi nusu ya majibu yake yalikuwa yamekosewa. Lakini zile nusu nyingine alizipata mwenyewe.

Sentensi kumi kwa watu hamsini na wanane ni sentensi mia tano na themanini za kusahihisha, na nilikuwa na madarasa mengine matatu, na historia juu yake. Muhula wa tatu ni mfupi. Mwalimu mkuu aliuliza kwenye mkutano kwa nini Kidato cha Nne bado hakijamaliza fasihi. Wazazi wawili walikuja kuuliza kwa nini watoto wao ambao Kidato cha Tatu walikuwa wakipata mazuri kwenye madaftari ya darasani, sasa wanapata mabaya. Na mvua ikarudi. Alasiri moja ya mwezi wa kumi, mabati yakinguruma, koo limeniuma, nikiwa na vitabu hamsini na vinane ambavyo sijavigusa, niliandika sentensi ubaoni. Niligonga mara mbili.

Nilijua ninachofanya. Hapo siwezi kujificha nyuma ya mkono. Darasa liliitikia vizuri, nyuso zikafunguka, na nami nikajisikia mwalimu tena kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Tulimaliza fasihi. Tulimaliza insha. Kila mtu alifurahi, mwalimu mkuu akaacha kuuliza, na mazoezi ya kuandika yakafa kimyakimya bila mtu kuyaulizia. Nilijiambia kwamba yale majuma mawili yatakuwa yametosha.

Mathe alinitazama siku ile ya kwanza ya kugonga. Nakumbuka kwa sababu hakuinua mkono. Siku ya pili aliinua.

Siku ya mtihani wenyewe sikuwa shuleni kwetu, walimu tulipelekwa kusimamia shule za wengine. Nilizunguka kati ya madawati ya watoto nisiowajua, viatu vikilia, mikono nimeikunja kifuani nisije nikamgongea mtu. Jioni niliwakuta wanafunzi wangu kadhaa karibu na stendi wakila mahindi. "Madam, ilikuwa rahisi," walisema. Nikawauliza sentensi za sarufi zilikuwaje. Hakuna aliyeweza kunitajia hata moja.

Matokeo yalikuja mwaka uliofuata, kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa nje ya ofisi. Hayakuwa mabaya sana. Insha iliwaokoa wengi, na fasihi. Mwalimu mkuu alisema kwa shule kama yetu tumshukuru Mungu. Nilipitisha kidole kwenye majina mpaka nikalifikia lake. Kiswahili, alikuwa ameanguka chini ya alama ya chuo kwa hatua moja tu. Kila somo lingine lilikuwa limetosha. Nilisimama pale nikijua kwamba maswali matatu au manne tu ya sarufi, ya namna ileile tuliyokuwa tukiiandika mwezi wa tisa, yangemvusha. Nilikasirika na kila kitu, na baraza la mitihani, na mabati, na mvua, na Mathe mwenyewe na midomo yake inayosogea, mpaka hasira ikaishiwa na watu wa kuelekezewa isipokuwa mmoja.

Sikumtafuta. Nilisema nitamtafuta, na kila jioni nilipita safu ya tatu nikiangalia mbele. Dada yake alinisalimia siku moja akasema mdogo wake yuko Port Victoria, anakausha omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikasema msalimie. Huo ndio ujasiri niliokuwa nao.

Alikuja mwenyewe, Jumamosi moja mwezi wa tatu, baada ya chakula cha mchana. Alivaa leso na blauzi, na bila sweta la shule nilimwona jinsi alivyokuwa, mwanamke mzima mwenye mikono ya kazi. Nilimkaribisha, nikaweka chai. Tukaongea habari ya mtoto, kwamba amekua, kwamba anakohoa. Tukaongea habari ya bei ya samaki. Nilizungukazunguka hivyo mpaka nikajichoka.

"Kosa lilikuwa langu," nilimwambia.

"Najua, Madam," alisema.

Nilikuwa nimetarajia akatae. Ndiyo heshima ya kwetu; mkubwa akijilaumu mdogo anakataa, hata kwa uongo. Alipaswa kusema hapana, Madam, ni mimi niko na kichwa ngumu, nami ningekataa naye angekataa, na tungeachana salama. Yeye alipuliza chai yake akanywa.

"Ulijua kugonga ni mbaya, halafu ukagonga tena," alisema. Hakuwa na hasira, alieleza tu. "October yote. Mimi niliona. Mara ya kwanza nilikataa, lakini ilikuwa rahisi sana, nikaingia na wengine. Kwa hivyo hata mimi niko na yangu. Lakini wewe ndio mwalimu."

Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo, si mwalimu mkuu, si mkaguzi, si mume niliyekuwa naye zamani, na jambo la ajabu ni kwamba sikukasirika. Niliona aibu safi, isiyochanganyika na kitu.

Aliweka kikombe chini, akatoa kwenye kikapu chake daftari jipya na penseli iliyochongwa. "Mama yangu ameniongeza mwaka moja," alisema. "Moja tu. Nitafanya kama private, hiyo Kiswahili peke yake. Nataka unifundishe Saturday."

"Nitakufundisha," nilisema. "Kila Jumamosi. Sitataka kitu."

"Sawa. Lakini ukae nyuma yangu."

Alisema hivyo na akaanza mwenyewe kusogeza kiti, akakielekeza ukutani, penye kalenda ya duka. Nilichukua daftari, nikaandika sentensi ya kwanza iliyonijia kichwani, na nilipokwisha kuiandika nikatamani kuifuta: Mtoto aliyebaki kwa nyanya yake anamngoja mama arudi. Nilimpa. Nikachukua kigoda cha jikoni, nikakaa nyuma ya mgongo wake, mahali nisipoweza kuona uso wake wala yeye wangu.

Aliisoma. Niliona mabega yake yakitulia. Ilichukua muda, mrefu kuliko muda wowote niliowahi kumpa mwanafunzi, na nje watoto wa safu yetu walikuwa wakipiga mpira wa makaratasi ukutani mwangu. Penseli yake ilishuka chini ya "aliyebaki" ikakaa pale. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Ulimi nilikuwa nimeuuma. Kila kilichomo ndani yangu kilitaka kukohoa, kuvuta pumzi, kuvuta kigoda, kufanya kelele yoyote ndogo ya kumwambia si hapo, sogea mbele, sogea. Shingo yake ilianza kugeuka. Niliona ncha ya sikio, kisha shavu. Akaisimamisha, akairudisha ukutani.

Penseli iliinuka. Ikapita juu ya "nyanya" bila kugusa, ikatua chini ya "anamngoja", na kutoka pale akavuta mstari, polepole, ukipinda kidogo, mpaka kwenye nukta.

Alinipitishia daftari juu ya bega bila kugeuka. Hakuuliza kama ni sawa, nami sikumwambia.

"Andika ingine," alisema.